Moto Tuliotoka Nao kwa Bibi

Mpangaji wangu wa chumba cha uani, binti mmoja anayeuza dagaa Mwigobero, jioni anachomaga mavi makavu ya ng'ombe kwenye kopo ili kufukuza mbu. Hapa Kigera, Musoma, mbu ni wengi, simlaumu. Lakini juzi moshi ule ulipoingia dirishani nilikuwa nimekaa kitandani nakunja nguo, maana binti yangu wa Mwanza anakuja Jumamosi kunichukua nikaishi kwake. Nikajikuta nimeshika gauni moja mkononi mpaka giza limeingia, sijalikunja wala sijalirudisha kwenye kamba. Nikalia. Si kwa sababu ya gauni. Ni ule moshi.

Mimi sikusoma. Niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe nililisoma nusu, kwa hiyo mnivumilie nikiandika kama ninavyoongea. Ninyi wenzangu wa umri huu mtanielewa. Watoto wa siku hizi ukiwaambia kuna wakati mtu alikuwa anatembea na moto mkononi wanakuuliza kwa nini hakununua kibiriti.

Kwetu ni ndani huko, Bunda, upande wa vilimani, watu wa pamba na ng'ombe. Tulikuwa tunakaaga kwenye boma la babu, ingawa babu mwenyewe nilimkuta kaburi. Mwenye boma alikuwa bibi, mama yake baba. Mimi nilirithi jina lake, kwa hiyo hakuwa ananiita mjukuu, alikuwa ananiita wajina, na nilikuwa nalala nyumbani kwake. Ndani ya ile nyumba kulikuwa na moto ambao sijawahi kuuona umezimika. Usiku bibi anaufunika na mavi makavu, asubuhi anaufunua, upo. Mvua inyeshe, msiba utokee, moto upo. Na kijana yeyote wa boma akihama kwenda kuanzisha mji wake, anachukua kijinga cha moto kutoka pale, wazee wanakisemea maneno, wanataja waliokufa mmoja mmoja, ndipo anakwenda nacho. Mji usiowashwa hivyo watu walikuwa wanauona kama mji wa wapita njia.

Baba aliokoka mimi bado nanyonya, kwa hiyo baba mwingine simjui zaidi ya huyu wa kusali. Alikuwa analima pamba kama wengine, ila Jumapili anahubiri kwenye kikanisa cha udongo. Watu walimzoea. Walikuwa wanamcheka, lakini kicheko cha nyumbani, kisichoumiza. Sasa msimu mmoja, pamba imeshaanza kupasuka shambani, baba akafunga siku tatu, hali chakula. Siku ya nne akatoka, akamwambia bibi kwamba Mungu amemwambia ahame. Aende ng'ambo ya maji, huko kwa wavuvi, akakae na watu wasiomjua, awahubirie.

Nilikuwa nimekaa miguuni pa bibi namenya karanga. Bibi hakupandisha sauti.

"Huko unakokwenda kuna nani?"

"Mama, simjui mtu."

"Nani atakupa shamba?"

"Sijui, mama."

"Na huyo aliyekuita amesema mtoto huyu atakula nini?"

"Hajasema."

Bibi akatikisa kichwa. "Mimi nikikutuma dukani nakwambia ukalete chumvi. Huyo wako anakutuma hata duka lenyewe hakuonyeshi."

Watu wote pale wakacheka, na baba naye akacheka, ila yeye alikuwa anacheka huku anasuguasugua goti lake kwa kiganja. Baba akiogopa alikuwa anasugua goti. Lakini hilo nilikuja kulijua nikiwa mtu mzima. Siku ile nilidhani linamwasha.

Mimi nikaelewa kitu kimoja tu: tumeitwa. Na mtu ukiitwa, si kuna mwenyeji? Nikajua tunakokwenda Mungu yupo pale mlangoni anatusubiri, amepika. Nilimuuliza mama kama nivae gauni langu la kanisani. Mama akasema ndiyo, sijui alifikiri nauliza nini.

Siku ya kuondoka bibi alitoka nyumbani kwake na kijinga kimeshika moto vizuri, na wazee wawili nyuma yake. Baba akasimama mbele yao. Akasema, "Mama, baraka zako naziomba hata kwa kupiga magoti. Moto huu nitauacha." Akasema hawezi kwenda kuwaambia watu waache ya kwao wakati yeye amebeba ya kwetu mkononi. Hata ng'ombe naona kama walinyamaza, ingawa ng'ombe hawajuagi mambo hayo. Bibi akageuka na kijinga chake, akarudi ndani.

Halafu akaniita. Ndani kulikuwa na giza la moshi, nilimwona macho tu. Alikuwa ameshachukua kichungu chake kimoja kilichomeguka mdomo, ameweka mavi makavu chini, makaa katikati, mavi tena juu, amefunika na kigae, amekifunga kwenye tambara. Akanipa na kikapu kidogo kimejaa mavi makavu, juu ameweka karanga za kuzugia.

"Wajina, asubuhi moja, jioni moja. Usilishe mengi, utaunyima hewa. Ukizimika, njia ya kurudi huku itakupotea."

"Na baba?"

"Baba yako ana Mungu wake. Wewe una kichungu. Nenda."

Hivyo ndivyo nilivyoachana na bibi. Sikumwona tena. Alikufa msimu wa pamba uliofuata, na habari ilitufikia amekwisha kuzikwa. Natangulia kuwaambia ili msije mkamsubiri.

Tulipanda lori la pamba pale Bunda. Sasa jamani, nifikirieni mimi, mtoto wa miaka kama saba, nimekaa juu ya magunia ya pamba, nimepakata moto. Nikikumbuka leo mwili unanisisimka. Cheche moja tu, tungekuwa majivu sisi na dereva na pamba ya watu. Lori lilikatia Butiama kuongeza magunia, na pale utingo akapanda juu, akaanza kunusa kama mbwa.

"Nani anavuta huku juu? Nyie wazee mtatuunguza!"

"Sisi tumeokoka," baba akasema. "Hatuvuti."

"Basi kama hamvuti, mmoja wenu ananuka zizi!"

Watu wakaangua kicheko. Mama akaninong'oneza, "Hukuoga?" Baba aliniangalia, kisha akaangalia vilima, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa sana, sauti ambayo haikuhitajika.

Jioni tukafika Mwigobero. Ziwa sikuwa nimewahi kuliona. Nilidhani mbuga imefurika, nikamuuliza mama itakauka lini. Asubuhi tukapanda mtumbwi, na humo harufu ya samaki ikafunika ya kwangu. Kwa mara ya kwanza tangu Bunda nikapumua.

Ng'ambo hakukuwa na mwenyeji. Hilo neno naliandika kwa kifupi kwa sababu hata sasa linanichoma. Tulishuka kwenye mchanga mimi na gauni langu la kanisani, nikatazama huku na huku. Wanawake walikuwa wanaanika dagaa, wakatutazama, wakaendelea kuanika. Hakuna aliyepika. Hakuna mlango. Nikamvuta baba shati nikamuuliza, "Yuko wapi?" Baba akasema, "Nani?" Nikaona aibu kumwambia.

Tuliazimwa nyumba ya nyasi iliyoachwa na mjane aliyehamia kwa mwanawe. Lugha yao sikuijua, na Kiswahili walikijua wachache, nami nilikuwa na cha kuokoteza. Watoto walikuwa wananifuata wameziba pua. Neno moja la Kiswahili walikuwa nalo, wakalitumia vizuri: "Ng'ombe! Ng'ombe wenu wako wapi?" Baba alikuwa anasalisha ibada ya watu watatu kila jioni, na mmoja anasinzia, na huyo ni mimi. Anahubiri kabisa amesimama, anasema ndugu zangu, na ndugu zake ni mama na mimi na kuku wa jirani.

Mchana nilikaa nyuma ya nyumba na kichungu changu. Nilikuwa nafunua kigae kidogo, moshi unatoka, nafumba macho, niko kwa bibi. Nasikia ng'ombe wanakohoa zizini. Nafumbua, ni mchanga na nyavu. Mama alikuwa anawasha jikoni kwa kibiriti, lakini ule kwangu ulikuwa moto wa kibiriti tu, hauna mtu. Wa kwangu ulikuwa na bibi ndani yake. Ulipokuwa hai, na mimi bado nilikuwa na kwetu.

Kikapu kikaisha siku ya tisa. Nilihesabu kwa vidole, kikabaki kidole kimoja. Pale kijijini ng'ombe sikuwaona, wala kinyesi. Jioni ile nilivunja kipande cha mwisho nusu kwa nusu, nikalisha nusu, kisha nikasali peke yangu kwa mara ya kwanza maishani. Sikusalia chakula wala roho. Nilisema, "Mungu, naomba mavi ya ng'ombe." Nikasema amina.

Asubuhi nikaenda nyuma ya nyumba. Juu ya kigae kulikuwa na mavi makavu mawili, mazuri, ya mviringo, yamekauka sawasawa.

Ninyi mnacheka. Mimi sikucheka. Nilikaa chini. Basi yupo! Na ana ng'ombe! Kumbe hakuja kutupokea pwani kwa sababu alikuwa machungani. Nikajisikia vibaya kwamba nilimlaumu. Kuanzia siku ile, kila baada ya siku mbili tatu nikawa nayakuta. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nafikiri sana habari za huyo Mungu mwenye ng'ombe. Nilijiuliza kwa nini haleti na maziwa. Nikasema labda ng'ombe wake wana ndama, maziwa anawaachia. Nilikuwa mpweke kuliko mtoto anavyotakiwa kuwa, lakini nilikuwa na mtu anayenipitia alfajiri, na hiyo si kidogo.

Mahindi ya watu yaliyokuwa magotini wakati tunafika yalikuwa yameanza kutoa mbelewele pale Mungu alipoacha kuniletea. Siku ya kwanza nikasema amechelewa. Siku ya pili nikasema labda kuna dhambi nimefanya, nikakumbuka sukari niliyolamba, nikatubu. Nikajaribu kulisha majani makavu, yakawaka fyu, yakaisha. Usiku wa tatu ikanyesha mvua ya upepo, nyumba ikavuja kila mahali. Kulipokucha nilifunua kigae nikakuta majivu meupe. Nikaingiza kidole. Baridi. Nikaingiza mkono mzima mpaka chini. Baridi.

Sikupiga kelele. Nilibaki nimechutama na mkono ndani ya kichungu. Nilijua njia ya kwa bibi imefungwa, na aliyeifunga ni mimi. Na yule niliyemwomba, aliyekuwa anakuja kila mara, ameniona na ameamua kutokuja.

Mama akaniita kutoka jikoni. Kibiriti kilikuwa kimelowa kimekuwa uji. Akaona nina kichungu na mkono wangu mweupe kwa majivu, hakuuliza. Mama alikuwa mtu wa kutouliza, Mungu ampumzishe. Akasema, "Hicho hicho. Nenda nyumba ile yenye moshi, ukaombe moto."

"Baba aende."

"Baba yako ametoka alfajiri. Nenda wewe."

"Siijui lugha yao."

"Onyesha kichungu."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mama mmoja mnene, Nyangeta, aliyekuwa ananitisha kwa sababu alikuwa anapasua samaki huku anaongea bila kuangalia kisu. Kutoka kwetu mpaka kwake ni kama kutoka hapa kwangu mpaka dukani, lakini naapa sijatembea safari ndefu kama ile. Bunda mpaka ziwani nilikwenda nimebebwa na lori, na moto wa bibi umenilalia mapajani. Huku nilikwenda na kichungu kitupu. Niliongea njiani, nikamwambia Mungu, "Hujaniletea. Haya, mimi naenda." Sijui ilikuwa sala au ilikuwa kununa.

Nikasimama mlangoni pake, nikainua kichungu. Nyangeta akakitazama, akakinusa, akacheka mpaka akashika kiuno. Akaanza kunieleza kitu kwa lugha yake, ananyoosha mkono kule nyuma ya kilima, anainama, anajifanya anaokota vitu chini, anaweka kwenye shati, anatembea kwa kunyata kama mwizi. Nikafikiri ananisimulia jinsi wanavyovuna karanga. Nikaitika kwa adabu. Alipochoka kucheka akachukua makaa yake kwa kigae, makaa ya kuni za ziwani, akanijazia. Halafu akanishika shavu kwa mkono wenye magamba ya samaki, akasema kwa Kiswahili, "Kesho moto kufa, wewe kuja. Sawa?"

"Sawa, mama."

Baba alirudi mchana, miguu ina matope mapya, mikono mitupu. Akakuta kichungu cha bibi kiko wazi katikati ya jiko, kinawaka, na juu yake mama amebandika samaki wadogo wa furu. Akakaa kwenye kigoda. Alikitazama kile kichungu muda mrefu, anasugua goti. Akasema, "Moto mmepata wapi?" Nikasema, "Kwa jirani." Akasema, "Nani alikwenda?" Nikasema, "Mimi." Aliponipakulia chakula alinipa samaki wawili, yeye akabaki na mmoja.

Jioni Nyangeta akaja kuangalia kama moto wake umeshika. Akatukuta kwenye ibada, akakaa palipokuwa na nafasi, na nafasi ilikuwa tele. Ibada ikawa ya watu wanne.

Basi, miaka ikaenda. Nikaolewa na mtu wa Mwisenge, huku mjini, na kanisani nikiitwa kutoa ushuhuda nilikuwa na huo mmoja tu: jinsi nilivyoomba mavi ya ng'ombe, na Mungu akayaleta. Nimeusimulia mara nyingi mno. Watu walikuwa wanacheka, halafu wanalia, halafu wanasema haleluya. Nilikuwa nauishiaga pale pale kwenye kuletewa. Kwenye kuzimika sikuwa nafika, maana sikujua niseme nini.

Jumapili moja baba yupo, mzee tayari, amekuja Musoma kwa matibabu ya kifua. Nikausimulia mbele yake. Nikasikia anakohoa kule nyuma, nikadhani ni kifua. Nyumbani, baada ya chai, akasema, "Mwanangu, yale mavi ni mimi."

Nikaacha kukusanya vikombe.

"Nilijua tangu kwenye lori. Harufu ya zizi la mama yangu ningekosaje kuijua? Nilikuona unakaa nyuma ya nyumba na kile kichungu, huna mtu, nikashindwa. Ng'ombe walikuwa nyuma ya kilima kwa tajiri mmoja. Nilikuwa nakwenda alfajiri kuokota. Wale watu walinicheka! Mhubiri gani huyu, wanasema, badala ya roho za watu anaokota mavi."

Hapo ndipo nilipomwona Nyangeta tena, anainama, anaokota, ananyata. Karanga! Miaka yote hiyo nimedhani karanga.

"Sasa kwa nini uliacha?" Nilimuuliza kwa ukali, kama mtoto. Nilikuwa na wajukuu, lakini swali lilitoka kwa yule wa miaka saba.

Baba akasugua goti. "Siku moja nimeinama pale kwa tajiri, mkono umeshafika chini. Nikagundua nilikuwa siokoti kwa ajili yako peke yako. Nilikuwa napita nyuma ya nyumba nafunua na mimi. Nanusa. Nalia. Mimi niliyemkatalia mama yangu mbele ya watu! Nikaona kumbe sijahama. Nimehamisha miguu. Nikayaacha chini."

"Ukarudi nyumbani?"

"Sikurudi. Asubuhi zile zote nilikwenda kilimani nikakaa hadi jua kali, maana nilijua utafungua ukute majivu, na sikuwa na uwezo wa kukuona."

"Lakini ulikuwa na hakika? Kwamba Mungu atatushika?"

Nilitaka aseme ndiyo. Alikuwa mhubiri, maisha yake yote alikuwa anasema ndiyo. Akatikisa kichwa. "Hapana, mwanangu. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa naogopa. Niliyaacha hivyo hivyo."

Alizikwa kule ng'ambo, kwa wavuvi. Walikuja wengi mno, hata sikuweza kuhesabu. Na mimi tangu siku ile nikiitwa mbele, ule ushuhuda wa kuletewa mavi siutoi tena. Nasimulia asubuhi ya majivu, na kutembea mpaka kwa Nyangeta na kichungu kitupu. Watu hawasemi sana haleluya. Mmoja mmoja ananifuata baadaye, ananishika mkono tu.

Sasa kichungu. Bado ninacho, mdomo umemeguka zaidi, weusi wa ndani hautoki hata ukisugua. Nilikuwa nimeshakifunga kwenye kanga kukipeleka Mwanza, nimekiweka katikati ya nguo kisivunjike. Juzi baada ya ule moshi nikakifungua. Nikatoka nacho uani. Yule binti mpangaji alikuwa anahangaika na lile kopo lake lililotoboka, makaa yanamwangukia miguuni.

"Shika hiki," nikamwambia.

"Bibi, si ulisema ni cha mama wa baba yako?"

"Ndiyo."

"Sasa wewe utabaki na nini?"

Nikamwachia mkononi. Nikarudi chumbani nikamalizia kukunja lile gauni. Mwanza nimefika mara mbili tu, zote kwenye msiba. Kanisa la huko silijui, jirani simjui, sokoni nitapotea. Usiku nasali, sisikii kitu. Moshi unaingia dirishani, sasa unatoka kwenye kichungu chenyewe, na Jumamosi naondoka.